Msomaji wa miaka 11 aliyemaliza vitabu vya watoto

Likizo kubwa ikianza, kwenye meza yetu ya vitabu vya watoto hapa Lubumbashi, Kongo, swali huwa lilelile. Mama au baba anafika na mtoto wa miaka 11 au 12, anasema: “Huyu vitabu vya darasa lake vyote amevimaliza. Sasa tumpe gani?” Mara nyingi mzazi huwa tayari ameshika riwaya nene ya sekondari, kwa sababu mtoto anaisoma kwa sauti bila kukwama hata mahali pamoja.

Kutokwama hakutoshi. Mtoto anayependa kusoma hutangulia kwa lugha kabla hajatangulia kwa maisha. Kifaransa chake kinaweza kuwa cha mtu wa miaka 15, huku yanayomchekesha na yanayomnyima usingizi yakiwa bado ya miaka 11. Ukimpa riwaya ya ndoa iliyovunjika na mume mlevi, atafika ukurasa wa mwisho vizuri tu, kisha hatakuwa na la kukueleza isipokuwa kwamba ilikuwa ndefu. Wengine ndipo wanapoacha kusoma. Kwa hiyo pima ugumu wa lugha peke yake, na uzito wa mambo peke yake. Kwenye lugha mwachie apande anavyotaka. Kwenye mambo, nenda naye polepole.

Vitabu vingi tunavyovipata ni vya mtumba kutoka Ubelgiji na Ufaransa, vimetandikwa chini kando ya barabara, na muuzaji hatakuacha usome nusu saa bila kununua. Dakika tano zinatosha. Geuza jalada kwanza: wachapishaji wengi wa Kifaransa huandika umri nyuma, “dès 9 ans” au “à partir de 12 ans”. Usipouona, tafuta mwanzoni au mwishoni kabisa, pale penye maandishi madogo yasiyosomwa na mtu. Kitabu kilichotolewa Ufaransa kwa ajili ya vijana hubeba mstari unaotaja sheria namba 49-956 ya tarehe 16 Julai 1949, inayosimamia machapisho ya watoto na vijana. (Ilipitishwa wakati ambapo wengi huko walihofia katuni za Marekani zingewaharibia watoto, hofu ya wazazi haikuanza na simu.) Mstari huo haukuhakikishii kwamba kitabu ni kizuri. Unakuonyesha tu kwamba mchapishaji alikusudia kisomwe na vijana, na kwa BD, yaani vitabu vya hadithi za michoro, hilo ni jambo kubwa. Wabelgiji na Wafaransa huchora pia BD za watu wazima, zenye rangi za kuvutia, na mzazi akiona michoro hudhani ni za watoto. Manga za Japani nazo ni hivyohivyo: kuna za watoto, kuna za wakubwa, na rafu huwa moja. Ukikuta maneno “pour public averti”, yaani si cha watoto, kirudishe kitabu mahali pake.

Kisha fungua katikati. Mwanzo wa kitabu huwa na adabu zake. Katikati ndipo mwandishi anapojiachia. Soma kurasa mbili. Angalia mhusika mkuu ana miaka mingapi, maana watoto hupenda habari za aliyewazidi kidogo, na wa miaka 11 atamfurahia shujaa wa miaka 13. Halafu mpe mtoto mwenyewe ukurasa mmoja, akunje kidole kwa kila neno asilolijua. Vidole vitano vikiisha kabla ya ukurasa kwisha, kitabu hicho kisubiri, au kisomwe akiwa na mkubwa pembeni.

Si kila mpenda kusoma anapenda hadithi. Katika mji huu wa shaba kuna watoto wanaookota malakiti, lile jiwe la kijani lenye shaba, na kutaka kujua ilitoka wapi, na hao wanahitaji vitabu vya mawe, vya nyoka, vya sayari, pamoja na atlasi. Hapo mwaka wa kuchapishwa una uzito kuliko umri ulioandikwa nyuma. Atlasi inayotuita Zaïre ilichapishwa kabla ya 1997. Inayoonyesha Katanga nzima ni ya kabla ya 2015, mwaka ambao ilikatwa kuwa Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Kitabu cha anga chenye sayari tisa ni cha kabla ya 2006, Pluto ilipoondolewa kwenye orodha. Mimi vitabu hivyo sivitupi. Mtoto wa miaka 12 hufurahi sana kukamata makosa ya watu wazima.

Za kuangaliwa zaidi ni BD za zamani za Ubelgiji zinazomchora Mkongo kama mjinga mwenye midomo minene anayesubiri Mzungu amfundishe kila kitu. Bado zinauzwa. Mtoto mdogo asiachiwe nazo peke yake. Kwa wa miaka 11 au 12 napendelea tuzisome pamoja, nimuulize: nani anaongea sana hapa, nani anabeba mizigo, nani hana jina?

Wazazi huniuliza kuhusu vifo na vita vitabuni. Mimi huangalia maumivu yana matokeo au ni burudani tu, na kama mtoto wa hadithini ana mtu mzima wa kukimbilia. Vitabu vya mwili na kubalehe, kwa upande mwingine, huchelewa kutolewa. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya shangazi au nkambo (bibi). Kama shangazi yuko mbali, mjini Kolwezi, kitabu chenye michoro safi kimfikie binti kabla mwili haujaanza kubadilika. Wavulana pia wapewe.

Kuhusu Kiswahili: vitabu vya Tanzania hutufikia kupitia Kasumbalesa, kwenye mpaka na Zambia, lakini vichache, na mtoto aliyezoea Kiswahili cha mtaani hapa atakwama kwenye maneno mengi. Anza na kitabu cha miaka 8 au 9, usimwonee haya. Kwenye intaneti kuna African Storybook, iliyoanzishwa Afrika Kusini na kufunguliwa mwaka 2014, yenye hadithi za bure kwa lugha nyingi, Kiswahili kikiwemo, zilizopangwa kwa ngazi. Ni fupi mno kwa msomaji wetu. Atamaliza kumi jioni moja. Mwambie awasomee wadogo zake.

Mwaka wa ENAFEP, mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi, wazazi wengine hufungia riwaya kabatini. Sioni faida yake: Kifaransa atakachohitaji kwenye mtihani anakipata humohumo.

Akija na kitabu alichoazimwa na rafiki na jalada likakutisha, usikinyakue. Kiombe usiku mmoja, ukisome, kesho mzungumze. Na wewe usiyesoma Kifaransa usijione huna la kufanya: jioni mwambie akusimulie kitabu kwa Kiswahili, sura kwa sura. Akifika mahali akaruka au akapunguza sauti, muulize taratibu kumetokea nini hapo.