Jivu jeupe si kipimo cha siga nzuri

Jana tena. Mteja amekaa pale kwa kona, siga imefika nusu, ananiita: "Boss, umeniuzia feki, ona jivu lilivyo la kijivu." Nauza siga, zile nene za majani ya tumbaku yaliyoviringwa, hapa Westlands, Nairobi, na hii stori ati siga nzuri lazima iwe na jivu jeupe nimeisikia mpaka nimechoka, kwa hivyo leo naandika.

Jivu ni madini. Jani likishaungua kinachobaki ni kile mmea ulinyonya kwa udongo na mbolea: kalsiamu, potasiamu, magnesiamu. Magnesiamu ikiwa nyingi jivu linaelekea weupe, ikipungua linaelekea kijivu. Hiyo ni habari ya shamba bana, haikuambii jani lilichachushwa vipi ama lilikaa ghalani muda gani, na ladha unayolipia inatoka sana huko. Siga za Cuba, zile huyo mteja angenunua bila kuuliza bei, jivu lake mara nyingi ni la kijivu! Na magnesiamu ikizidi jivu linakuwa la kumeguka-meguka, unashtukia liko kwa shati.

Alafu kuna hii kitu watu hawaangalii. Nilimwomba ile siga nikagonga jivu kwa kisahani, nikalipasua na njiti ya kiberiti. Ngozi ya nje kijivu, ndani mistari, mmoja mweupe kabisa, mwingine umekolea, kwa sababu siga ina jani la nje, jani la kufungia na majani ya ndani, na hayo yanaweza kutoka mashamba tofauti, hata nchi tofauti. Yeye alikuwa anahukumu siga nzima kwa jani moja la juu.

Jivu jeusi ndio tofauti, hapo nasikiliza. Weusi ni kaboni ambayo haikuungua ikaisha. Ukiwasha jiko na mkaa umelowa, ama ufunge mlango wa hewa, unabaki na vipande vyeusi, lakini moto ukipata hewa asubuhi unakuta jivu laini jeupe. Siga ni hivyo hivyo. Ikiwa na unyevu mwingi, ama imekazwa sana hewa haipiti, inaungua vibaya. Mbolea pia inachangia: klorini ikiwa nyingi kwa jani, moto unakataa kushika, ndio maana wakulima wa tumbaku wanatumia potasiamu ya salfeti na kukwepa ile ya kloridi.

Na niseme ukweli, kwa macho tu siwezi kutenganisha kijivu kinachotoka kwa udongo na kijivu cha siga inayoungua vibaya kwa sababu ya unyevu. Hata mimi nikiona siga mbili za boksi moja, moja jivu lake jeupe, moja la kijivu, inabidi nizibonyeze kwa vidole kwanza, nisikie kama kuna moja iko laini kupita kiasi.

Ile ya jana niliibonyeza. Ilikuwa sawa, moto umezunguka vizuri pande zote, moshi unapita bila kuvutwa kwa nguvu. Nikamrudishia.