Pweza mgumu si pweza wa friza

Soma maoni ya wageni kuhusu mikahawa ya Mji Mkongwe, Zanzibar. Mmoja kamsifu pweza wa nazi, laini, hata kisu hakuhitaji. Mwenzake kakaa mkahawa ule ule, kaagiza chakula kile kile, kaandika: "Mpira mtupu, bila shaka katoka friza." Chini yake wengine wanaitikia amina. Basi, imetosha. Friza haimfanyi pweza kuwa mgumu. Mgumu kuliko wote ni yule aliyetolewa mwambani asubuhi na kuingizwa sufuriani mchana wa siku ile ile.

Pweza hana mfupa. Misuli yake imepishana kila upande na kufungwa kwa kolajeni, zile nyuzi ngumu zinazoshika nyama, nyingi kuliko ya samaki. Akipata moto, kuanzia kama nyuzijoto 60, kolajeni hujikunja na kumkamua maji yake mengi. Hapo ndipo anapokuwa mpira, na hapo ndipo mpishi mwenye haraka anapompakua. Mwache aendelee kwa moto mdogo, maji yakichezacheza tu bila kutokota kwa fujo, na kolajeni ile ile itayeyuka iwe ute. Wa kilo 1 huchukua kama saa moja, wa kilo 2 saa moja na nusu au zaidi. Mwamba wa Kisiwa Panza kule Pemba ukifunguliwa baada ya kufungwa kwa miezi ili pweza wakue, wanakuja majitu, nao wanataka muda wa majitu. Maji kikombe kimoja kinatosha, mengine atayatoa mwenyewe. Chumvi usitie, katoka baharini huyo. Choma kijiti pale mnyiri, yaani mkono wake, unapoungana na kichwa, si kwenye ncha. Kikipita bila kubishana, zima moto na umwache apoe humo humo ndani ya supu yake.

Anasinyaa kwa nusu, wakati mwingine zaidi. Anayelalamika sahani ndogo bei kubwa aipige hesabu hiyo.

Sasa friza. Barafu inapoganda ndani ya nyama huichana, kazi ile ile anayoifanya anayempiga kwa gongo au kumbamiza jiweni. Siku mbili katika baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri, kisha usiku mzima ndani ya friji ayeyuke taratibu, si kwenye beseni la maji moto. Aliyeharibika kweli utamjua: ngozi inabanduka mkononi, ananuka kama mkojo, na nyama inalegea. Inalegea, jamani! Kuoza hakumfanyi kiumbe yeyote kuwa mgumu.

Na hata kama friza isingesaidia, tungeihitaji. Wanawake wanaoshuka mwambani kwa miguu wanafuata bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji yakitoka mbali. Siku hizo pweza wamejaa mnadani. Maji mafu yakiingia, mwamba haukauki vya kutosha, wanabaki wachache wa wapiga mbizi na bei inapanda. Jiko lenye akili hununua wakati wa bamvua na kugandisha. Mkahawa unaoapa kila siku ya mwezi kwamba pweza wake ni wa leo, ama una bahati ya ajabu, ama unamwambia mteja anachopenda kusikia.

Ila kuna ugumu wa aina mbili, na kuuchanganya ndiko kunakonikera kuliko lile la friza. Wa kwanza ni huo wa mpira: unatafuna, nyama inarudisha meno. Huyo hajaiva tu. Arudishwe jikoni, nusu saa nyingine na atakuwa mtu. Wa pili ni ukavu: nyama inachanika nyuzi nyuzi, inakwama menoni, haina utamu. Huyo aliiva vizuri, kisha akachemshwa upya, akapoa, akapashwa tena, au aligeuzwa juu ya mkaa dakika kumi badala ya mbili kila upande. Mishikaki ya pweza ya Forodhani, pale bustanini panapouzwa vyakula usiku, inapokuwa migumu, mara nyingi ni hivi: pweza keshachemshwa, kapangwa mezani, anapashwa kila mteja anapokuja. Huyu hana dawa. Kumrudisha jikoni ni kumtesa.

Ule wa mpira kwa kawaida hutokea saa mbili usiku, meza zote zimejaa. Wa kuchemshwa mchana wameisha. Mhudumu mkweli angesema, "Pweza leo kamalizika, au subiri saa moja na nusu." Mhudumu anayeogopa kumpoteza mteja anasema dakika ishirini, na mpishi anamtoa kwenye dakika ya arubaini. Anayelaumiwa baadaye ni friza.

Ongeza na mandhari. Kula juu ya paa ni raha, lakini jiko mara nyingi liko chini, sahani inapanda ngazi ghorofa tatu na kutua kwenye upepo wa kaskazi. Ule ute unaomfanya pweza awe laini hukaza akipoa. Sahani isipopashwa kabla, mgeni anayepiga picha kwanza anakula kitu kingine kabisa na kile kilichotoka jikoni.

Papai bichi silipendi hapa. Linafaa kwa mishikaki ya ng'ombe, lakini kwa pweza linamlainisha juu awe uji huku ndani bado anabisha. Kama kumpiga kunaongeza chochote kwa aliyekwishagandishwa, nina shaka, ingawa wapishi wengi ninaowaheshimu hawaachi gongo. Na wapo pweza wawili wa uzito mmoja, sufuria moja, mmoja tayari kwa dakika hamsini, wa pili baada ya saa mbili. Wengine husema ni jike aliyetaga. Huenda. Kijiti ndicho ninachokiamini.

Kwa hiyo ukikaa mezani, usiulize kama ni wa leo. Uliza kachemshwa saa ngapi. Ukiambiwa mchana wa leo, agiza wa nazi. Ukiambiwa jana, agiza supu. Ukiambiwa "anachemshwa sasa hivi, dakika ishirini tu", agiza samaki changu.