Umenunua biashara Tanga? Hiyo bei igaweni humo humo kwenye mkataba

Hii ni kwa wafanyabiashara wa Tanga jiji, Muheza, Korogwe na Pangani, hasa nyie mnaouziana biashara ikiwa bado inatembea. Malalamiko yanayofika kaunta yetu ya TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) siku hizi yanafanana sana. Mtu kanunua duka au gereji kwa mkupuo, mkataba una mstari mmoja tu wa bei, alafu wakati wa ritani (taarifa ya kodi ya mwaka) mhasibu wake anaingiza gharama anavyojua yeye, tukizikataa basi TRA wanaonea watu. Hatuonei mtu. Tunauliza tu, hiyo milioni 200 ulinunulia nini? Na jibu la "nimenunua duka" halitusaidii, wala wewe halikusaidii.

Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 iko wazi, mali mbili au zaidi zikinunuliwa kwa mpango mmoja, gharama inagawanywa kwa kila mali kwa kufuata bei yake ya soko siku ile. Kwanini igawanywe? Kwa sababu kila kitu kinapunguza kodi kwa njia yake. Mzigo wa dukani unakuwa gharama kadiri unavyouza. Gari la mizigo la chini ya tani 7 linachakaa kihesabu, yaani unakata sehemu ya bei yake kwenye mapato kabla ya kodi, kwa 37.5% kwa mwaka, samani na rafu 12.5%, zote hizo zikihesabiwa kwenye salio linalobaki. Jengo la biashara ni 5% ya gharama yake kila mwaka. Kiwanja hakichakai, hupati kitu. Jina la biashara na wateja wake waliozoea, ile wahasibu wanaita gudwili, nayo sheria imeitoa kwenye mali zinazochakaa, kwahiyo usiniletee hesabu ya kuichakaza miaka kumi, hilo nimelieleza mpaka nimechoka.

Tuchukue duka la vifaa vya ujenzi maeneo ya Ngamiani, mfano tu, bei milioni 200. Mzigo milioni 70, gari milioni 24, rafu na samani milioni 8, jengo milioni 60, kiwanja milioni 28, jina na wateja milioni 10. Mwaka wa kwanza mnunuzi anakata milioni 9 ya gari, milioni 1 ya samani na milioni 3 ya jengo, jumla milioni 13, na juu yake gharama ya mzigo aliouza. Sasa yule ambaye mkataba wake umesema "duka na vyote vilivyomo" anakuja kaandika milioni 200 yote ni mzigo. Hapana jamani. Mzigo una orodha, ulihesabiwa lini, nani alisaini, risiti za EFD (mashine ya risiti za kodi) za muuzaji ziko wapi?

Ugomvi wenyewe upo hapa. Mnunuzi anataka bei ielemee kwenye mzigo na gari maana ndo inarudi haraka, muuzaji anataka ielemee kwenye ardhi, kwa sababu mtu binafsi mkazi anayeuza ardhi na jengo analipa 10% ya faida aliyopata, wakati mzigo unaingia kwenye mapato yake ya biashara ya kawaida. Gari nalo likiuzwa zaidi ya salio lililobaki kwenye kundi lake (mali zinazochakaa kwa kiwango kimoja), ile ziada ni mapato. Kama muuzaji ni kampuni, ile 10% ni malipo ya awali tu, mwisho inakatwa kwenye kodi yake ya 30%, msidanganyane kwamba imeishia hapo. Kila mtu anaandika ya kwake, mafaili mawili yanafika kwetu yenye namba tofauti za gari moja lile lile, mnategemea tufanyeje?

Kwahiyo mgawanyo ukae ndani ya mkataba au kwenye kiambatanisho, wote msaini, na wote mtumie namba hizo hizo. Kukubaliana kwenu peke yake hakutufungi, bei isipofanana na soko tunairekebisha, na mkiwa ndugu au kampuni za mtu mmoja tunaangalia kwa makini zaidi.

Kwenye ardhi na jengo mtahitaji ripoti ya mthamini aliyesajiliwa, iidhinishwe na Mthamini Mkuu wa Serikali. Ile kodi ya faida ya 10% inalipwa kwanza, mnapewa cheti, bila hicho cheti Msajili wa Hati hahamishi jina. Ushuru wa stempu ni 1%, nyaraka iletwe ndani ya siku 30 tangu kusainiwa. Wengi wanakaa nayo droo mpaka siku wanapotaka mkopo benki.

VAT (kodi ya ongezeko la thamani) kwa kifupi: muuzaji akiwa amesajiliwa, kuuza mali za biashara kuna 18%, isipokuwa biashara nzima inayoendelea ikihamia kwa mnunuzi aliyesajiliwa pia. Kununua mzigo peke yake sio kununua biashara. Kila mkataba tunauangalia kivyake, njooni muulize kabla ya kusaini. TIN (namba ya mlipakodi) ya muuzaji haiuziki wala mashine yake ya EFD, hata dalali akiapa.

Ukinunua hisa za kampuni hamna mgawanyo, mali zinabaki za kampuni na madeni yake ya kodi yanakuja nayo. Lakini umiliki ukibadilika zaidi ya 50% ndani ya miaka mitatu, kampuni inahesabiwa kama imeuza mali zake zote, na hapo watu wanashtuka kweli.

Tukirekebisha hesabu na ikaonekana ulilipa pungufu, kuna riba inayojumlishwa kila mwezi mpaka umalize. Ritani ikichelewa ni adhabu ya 2.5% kwa mwezi ya kodi uliyokuwa hujalipa siku ya mwisho, au kiwango cha chini cha kisheria, kinachotumika ni kile kikubwa, na hata ukichelewa siku moja ya mwezi inahesabika mwezi mzima. Hukubaliani na makadirio yetu ya kodi, leta pingamizi kwa maandishi ndani ya siku 30 tangu uyapokee, ukiwa umelipa theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa au ile usiyobishania, yoyote iliyo kubwa. Kumbukumbu zote za mauziano zikae miaka mitano, pamoja na ile orodha ya mzigo yenye saini za pande zote mbili.