Anayeanza Hapewi Makombo

Wiki hii nimeisikia tena, mara mbili, ile kauli ya "wanaanza tu". Kwanza kwa mama mmoja mwenye moyo mwema, aliyeniletea fidla iliyolala juu ya kabati miaka mingi. Nilipomweleza kwamba ina kazi kubwa kabla mtoto hajaishika, alishangaa: "Lakini fundi, si ni watoto wanaoanza tu?" Siku mbili baadaye akaja kijana aliyetaka kujitolea kufundisha kwa majuma mawili. Yeye ni mpiga gitaa, ila alikuwa tayari kupewa darasa la fidla, kwa kuwa "wanaanza tu".

Kazi yangu ni kutengeneza na kutunza vyombo katika shule ya muziki inayowapokea watoto ambao kwao hakuna wa kuwalipia masomo. Siku nyingine nafundisha pia. Wahisani na wanaojitolea nawaheshimu kwa dhati. Bila wao hatungefungua mlango. Ila kauli hiyo imeniudhi vya kutosha, kwa sababu nimeona watoto wakiacha muziki kwa ajili yake, na walioisema hawakujua.

Mpigaji mzoefu ukimpa chombo kibovu atakimudu. Masikio yake yanamwambia waya umelegea, na kidole kinasogea chenyewe kufidia. Anajua sauti anayoitafuta, kwa hiyo anajua kosa ni la nani. Anayeanza hana kipimo hicho. Chombo kikikoroma, anaamini anayekoroma ni yeye. Na mtoto ambaye tangu azaliwe ameambiwa hiki si chako na kile hukiwezi, haimchukui muda kuamini hivyo.

Tulikuwa na msichana wa miaka tisa, mwezi wa tatu wa masomo. Kidole cha kwanza kwenye waya wa G, ulio mnene kuliko nyuzi zote, kilikataa kabisa kutoa noti safi. Mwalimu wake alikuwa ameandika daftarini: "Aongeze bidii." Nilimwomba anionyeshe mkono. Ncha ya kile kidole ilikuwa na mfereji mwekundu uliozama. Nikachukua rula nikapima nafasi iliyo chini ya waya wa G, pale ubao wa vidole unapoishia: milimita tisa. Fidla ya saizi kamili inataka takriban milimita tano na nusu hapo, na tatu na nusu chini ya waya wa E, ulio mwembamba kuliko zote. Yake ilikuwa ya saizi ya nusu, inayotakiwa kuwa chini zaidi ya hapo. Upande wa vigingi vya kukazia nyuzi, kwenye kile kizingiti kidogo ambacho nyuzi hupita juu yake, nilipenyeza sarafu ikapita bila kugusa. Hapo inatakiwa nafasi ya kadi nyembamba.

Nikashusha daraja, kile kibao kinachobeba nyuzi juu ya uso wa fidla, nikachonga mifereji ya kizingiti, nikabadilisha nyuzi. Kazi ya saa moja na nusu. Alipoweka kidole, noti ikatoka mara ya kwanza. Hakutabasamu. Alikiangalia kidole, akaiangalia fidla, akaniuliza, "Umebadilisha nini?" Miezi mitatu mtoto yule alikuwa akishindana na kipande cha mbao, na sisi watu wazima tulikuwa tukimpa alama.

Fidla iliyotoka kabatini huwa na shida gani? Mara nyingi kijiti cha ndani kimeanguka. Ukiitikisa unakisikia kikigonga kama punje ndani ya kibuyu. Bila kijiti hicho sauti haisafiri vizuri kati ya uso na mgongo, na mbaya zaidi, ukikaza nyuzi uso unaweza kubonyea na kupasuka. Upinde nao unakuta nywele zimeliwa na wadudu wa kwenye sanduku. Vigingi vimekauka, vinateleza. Nyuzi zimechoka: waya uliozungushiwa metali ukizeeka huacha kutetemeka sawasawa, hata uufungeje, noti inayumba. Halafu kuna suala la saizi. Fidla zipo za robo, za nusu, za robo tatu na nyingine ndogo zaidi, kwa sababu mikono ya watoto inatofautiana. Wanaotuletea ni watu wazima, basi wanaleta za watu wazima. Rafu yetu ina saizi kamili za kujaza chumba, na watoto wa miaka saba wanasubiri za robo.

Ila kinachoniumiza kuliko vyote ni gundi.

Fidla hubandikwa kwa gundi ya ngozi, inayopashwa moto katika maji. Gundi hiyo ni dhaifu kwa makusudi. Mbao hupumua: hewa ikiwa na unyevu zinavimba, ikikauka zinasinyaa. Msukosuko ukizidi, ni lazima kitu kiachie, na mafundi wa zamani waliamua kiachie kiungo, mbao isipasuke. Kiungo kikifunguka nakipasha gundi, nakibana, kesho kimerudi. Uso ukipasuka ni kilio. Sasa anatokea mtu mwema anayejitolea, anaona ubavu umeachia kidogo, anapaka gundi kali ya dukani, ile inayoshika chuma. Amefunga kiungo milele, na msukosuko unaofuata mbao inapasuka pembeni yake. Kuifungua tena ni lazima niharibu. Alichokifanya kwa dakika mbili kinanigharimu siku tatu, na mara nyingine chombo kinaishia kuwa cha kukatwa vipuri. Ndugu zangu, ukiona kiungo kimefunguka, usikiguse. Legeza nyuzi, funga chombo kwenye sanduku, niletee. Kiungo hicho hakijaharibika, kimefanya kazi yake.

Kuna jambo jingine ambalo hata walimu wa muziki hulisahau. Noti ya A tunayoifuata leo, mitetemo 440 kwa sekunde, ilikubaliwa na mkutano wa kimataifa uliofanyika London mwaka 1939. Kabla ya hapo kila mahali palikuwa na yake, na bendi za tarumbeta za Uingereza ziliendelea na sauti ya juu zaidi, takriban 452, hadi miaka ya 1960. Vyombo vya enzi hizo bado vinazunguka duniani, na vinafika kwetu. Tofauti ya 440 na 452 ni karibu robo ya toni. Tarumbeta unaweza kuijaribu, urefushe bomba kidogo, ingawa hata hapo vibomba vya pistoni navyo vinataka kurekebishwa. Klarineti huwezi. Matundu yake yamepangwa kwa sauti ile. Ukivuta viungo vyake, noti za juu zinapotea upande mmoja na za chini upande mwingine. Mtoto akipewa klarineti ya namna hiyo atapuliza mwaka mzima na hatalingana na mwenzake hata siku moja, na kila kikao ataambiwa asikilize vizuri.

Nikifika hapa, kuna mtu lazima anitajie Paraguay. Anamaanisha ile okestra ya Cateura, watoto wanaoishi kando ya jalala la Asunción, ambao fidla zao zimetengenezwa kwa makopo na vyuma vilivyotupwa. "Wale wanapigia takataka, fundi, na dunia imewashangilia!" Ni kweli, na nawashangilia pia. Ila waangalie kwa makini. Favio Chávez, mwalimu wao, hakuwagawia watoto makopo. Alimtafuta Nicolás Gómez, mwokota taka mwenye mkono wa ufundi, wakajaribu, wakarekebisha, wakajaribu tena mpaka kopo lile likaimba. Malighafi ilitoka jalalani. Kilichoongezwa juu yake ni saa za fundi, na hizo ndizo ninazoziomba. Fidla yenye mwili wa kopo na daraja lililopimwa inamfaa mtoto kuliko fidla ya mbao nzuri iliyokaa milimita tisa.

Venezuela nako, katika mpango ulioanzishwa na José Antonio Abreu mwaka 1975, watoto wadogo kabisa huanza na okestra ya karatasi. Wanatengeneza fidla za karatasi na gundi, pamoja na wazazi wao, wanajifunza kusimama, kushika, kutunza, kabla ya kugusa chombo halisi. Chombo cha karatasi hakimdanganyi mtoto. Hakitoi sauti na hakuna anayetarajia itoke. Chombo kibovu kinaahidi sauti kisha kinamnyima.

Sasa nirudi kwa yule kijana wa gitaa, kwa sababu watu wanadhani suala la walimu ni tofauti na la vyombo. Kwangu ni kosa lile lile. Miezi sita ya mwanzo ndiyo mkono unapojijenga. Jinsi kidole gumba kinavyokunjwa kwenye upinde, jinsi kidole kidogo kinavyokaa kimejipinda juu yake, mtoto atakwenda navyo miaka kumi. Kumnyoosha mkubwa aliyekosea mapema ni kazi ngumu kuliko kumwanzisha upya. Na bado darasa la wanaoanza ndilo kila mtu anaona anaweza kupewa.

Nilifungua daftari la mvulana mmoja nikakuta katika muhula mmoja amebadilishiwa ushikaji wa upinde mara tatu. Watu watatu waliojitolea, kila mmoja majuma machache. Wa kwanza alimfundisha ushikaji wa Kifaransa na Kibelgiji, wa pili wa Kirusi, kidole cha shahada kikizama zaidi juu ya upinde, wa tatu alimrudisha karibu na ule wa kwanza bila kujua kwamba anamrudisha. Wote watatu walikuwa wapigaji wazuri na kila mmoja alikuwa sahihi kwa alikosomea. Mtoto alichokielewa ni kwamba kila mgeni akija, yeye huwa amekosea. Nilipomuuliza anashikaje siku hizi, alinijibu, "Inategemea nani yupo."

Kwa hiyo unayetaka kujitolea kwa muda mfupi, njoo, nafasi ipo, ila usidai darasa. Kaa pembeni ya mwalimu wa kudumu. Kama una sikio, njoo mapema utyuni fidla, yaani ulinganishe sauti za nyuzi. Darasa la watoto ishirini lina nyuzi themanini, na mwalimu akizityuni peke yake, nusu saa ya kipindi imekwenda huku watoto wanapigana pinde. Mtu mmoja anayefika kabla ya kengele na kuzipanga zote amewapa watoto nusu saa ya masomo kila siku. Hakuna tamasha litakalomtaja, lakini sijui msaada mkubwa kuliko huo. Wengine watunze hesabu, wengine watusaidie kuandikisha. Na kanuni ya usalama wa watoto haina mjadala: mtu mzima habaki peke yake chumbani na mtoto, awe ametoka mbali namna gani.

Na fedha. Wahisani wanapenda kununua chombo, kwa sababu chombo kinaonekana. Nyuzi, nywele za upinde, ulimbo wa kupaka nywele hizo, pedi za klarineti, mafuta ya pistoni, hayo hayana picha. Mtoto anayepiga kila siku anahitaji nyuzi mpya angalau mara moja kwa mwaka. Ukinunua fidla kumi bila fungu la kuzitunza, baada ya miaka miwili nina fidla sita na nne za kutolea vipuri.

Nina mashaka yangu na sitayaficha. Nimewahi kukataa chombo, mwenye nacho akaondoka na hakurudi tena, na labda angekuwa rafiki wa shule kwa miaka mingi. Nimemwona pia mvulana aliyejifunzia tarumbeta inayovuja pistoni zote tatu akawapita waliopata nilizozitengeneza kwa mikono yangu. Yule hawezi kuelezwa na rula yangu. "Heri nusu shari," huniambia mwalimu mkuu wetu ninapokataa, na kuna siku nimekwenda kulala nikiwaza kwamba huenda ana haki.

Lakini kuna tarakimu zisizonitoka akilini. Benki ya Maendeleo ya nchi za Amerika iliupima mpango wa Venezuela kati ya 2012 na 2013, kwa watoto 2,914, tena kwa kuwapangia nafasi kwa bahati nasibu. Matokeo yalionyesha watoto waliweza kujidhibiti zaidi, na hilo linanifurahisha. Lakini pia walikuta kwamba miongoni mwa watoto waliopewa nafasi, maskini walikuwa asilimia 16.7, wakati katika majimbo yale maskini walikuwa asilimia 46.5. Shule ilikuwa ya bure, na bado waliokusudiwa hawakuwa ndio wengi waliofika. Sidai kwamba ni kwa sababu ya nyuzi na madaraja. Ninachokijua ni cha karakana yangu: waya ukikatika, mtoto ambaye nyumbani kuna chochote atanunuliwa mwingine kabla ya kesho. Ambaye hakuna kitu atasubiri zamu yake kwangu, na katika kusubiri huko ndiko wanakoacha muziki.

Ile fidla ya yule mama nimeipokea. Nilimweleza yote haya, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza nyuzi zinahitajika za aina gani. Ni saizi ya robo tatu, jambo ambalo ni nadra. Kijiti cha ndani nimekikuta kimelala pembeni, kimefunikwa vumbi, na ubavu wa chini umeachia kwa urefu wa kidole bila mtu kuupaka chochote. Usiku huu imo kwenye vibanio, gundi inakauka. Daraja nitalichonga keshokutwa, mtoto atakayeipiga akiwepo, ili nimpime mkono kwanza.