Oili ya lori inanuka dizeli: maneno ya gereji na ukweli wenyewe

Canter yangu ni ya zamani, injini 4D32, inabeba nyanya Ilula kwenda Dar. Kuna kipindi nikawa naona oili haipungui, nikafurahi, maana gari la umri ule lazima linywe kidogo. Safari ya tatu nachomoa stiki ya kupimia oili naona oili imepita alama ya juu. Utingo akaichukua, akainusa, akaniambia "kaka, hii inanuka kama tanki". Kuanzia hapo nikaanza kusikia maneno ya kila aina, mengine yangenitia hasara kubwa, ndo maana naandika haya.

"Oili ikipanda ni dalili injini nzima"

Hapana jamani. Oili haizaliani ndani ya sampo, lile bakuli la oili chini ya injini. Ikipanda na hujaongeza, kuna kitu kimeingia, na ni maji au dizeli. Maji yanaigeuza inakuwa kama chai ya maziwa, ila dizeli inaiacha nyeusi vilevile, kwa hiyo macho peke yake hayatoshi. Chukua tone la ile ya kwenye stiki udondoshe kwenye bati lililopashwa moto kiasi, nje, mbali na gari: yenye maji inalia tss na kurukaruka, yenye dizeli inakaa kimya. Afu dondoshea tone lingine kwenye karatasi nyeupe inayonyonya, acha masaa kadhaa. Masizi yatabaki katikati meusi, na kama kuna dizeli utaona duara jepesi limetambaa mbali kuzunguka lile jeusi.

"Oili ya dizeli inanuka hivyo siku zote"

Hii ina ukweli kidogo, na pua inadanganya kirahisi kwa sababu mikono yetu wenye malori inashinda na dizeli. Nawa kwanza, futa stiki kwa kitambaa kisafi, ndo unuse. Ila shahidi wa kuaminika ni kimo. Paki sehemu tambarare, pima asubuhi kabla hujawasha, andika, kesho pima palepale. Na isugue kati ya vidole viwili, oili nzima inateleza nzito, iliyoingia dizeli inakuwa nyepesi kama imekaribia maji.

"Ringi zimekufa, shusha injini"

Hili ndo niliambiwa mimi, na ndo linalomaliza watu hela. Ringi, zile pete za pistoni, zikichoka utaona moshi, utasikia upepo mwingi unatoka kwenye brida (tundu la injini kupumulia), gari linakosa nguvu mlimani, na mara nyingi oili inapungua. Lakini dizeli ya kujaza sampo hadi stiki ipande kwa wiki moja, hiyo kwanza itafute kwenye njia za mafuta kabla hujagusa pistoni.

Na njia zenyewe hazizidi nne tano. Pampu za dizeli za mstari kama ya 4D32 zinalainishwa na oili ileile ya injini, na ubavuni mwake imefungwa lifti pampu ndogo inayovuta mafuta tankini. Ndani ya lifti pampu kuna kijiti kinachosukumwa na kemshafti (shafti yenye vinundu) ya pampu, kikilika na tundu lake likapanuka, dizeli inapita pembeni yake inaingia chumba cha pampu, na kutoka hapo inashuka kwenye sampo taratibu, nje huoni hata tone. Plenja za pampu, vile vipistoni vidogo vya kusukuma mafuta, zikichoka nazo zinavujia humohumo. Kwenye zile pampu za duara zinazoendeshwa na gia, kama Isuzu 4JB1, angalia oili sili ya shafti, ule mpira wa kuzuia mafuta yasipite, ikikatika dizeli inaingia kwenye kesi ya taimingi, yaani nyumba ya gia za injini. Kuna injini nyingine bomba la kurudisha mafuta ya noseli (zile zinazopuliza dizeli ndani ya silinda) limepita chini ya kava la tapeti, lile la juu ya injini, fungua kava, washa, acha sailensa, yaani ingurume bila kukanyaga mafuta, uangalie viungo kwa tochi.

Halafu noseli. Inayodondosha badala ya kupulizia inaosha oili kwenye ukuta wa silinda, na hiyo kwa kawaida inajitangaza: moshi, injini inatetemeka sailensa, kuwaka kwa shida asubuhi. Zitoe zote uzipeleke kwa fundi pampu azipime kwenye mashine, usikubali za kupimwa kwa macho. Na tafadhali usiweke kidole mbele ya noseli inayopuliza, ile presha inatoboa ngozi na kuingiza dizeli mwilini, ukichomwa nenda hospitali saa hiyohiyo hata kama kidonda ni kitone tu.

Yangu ilikuwa lifti pampu. Tuliifungua tukakuta kijiti kinacheza kwenye tundu lake ukikitikisa kwa kucha, tukabadilisha nzima, na injini haikushushwa.

"Weka oili nzito, au piga safari ndefu itakauka"

Oili nzito itapandisha geji ya presha ya oili siku mbili tatu, afu dizeli inaendelea kuingia na geji inashuka tena injini ikipata moto, na huku beringi zinasagika. Kuhusu kukauka, petroli angalau sehemu yake inaruka injini ikichemka vizuri, lakini dizeli inaanza kuchemka kwenye nyuzi 160 hivi na sehemu kubwa inahitaji zaidi ya hapo mpaka 350, wakati oili ya kwenye sampo inazunguka nyuzi 100 tu. Haiendi popote.

"Malizia wiki, utarekebisha Jumapili"

Hapa naomba mnisikilize. Sampo ikijaa sana, injini inaweza kuanza kuvuta oili yake yenyewe kupitia brida, na oili yenye dizeli inaungua vizuri tu, kwa hiyo inapandisha mzunguko bila wewe kukanyaga na ukizima ufunguo haizimi. Kama umeshapaki inaweza kuzimwa kwa kuziba njia ya hewa kwa kitu kigumu kipana, kamwe usizibe kwa mkono. Fikiria hiyo ikukute unashuka mlima Kitonga na mzigo.

"Ni mafuta ya kuchakachua tu"

Yanachangia, ndiyo. Mafuta ya taa ni mepesi na hayalainishi kama dizeli, kwa hiyo pampu inalika haraka na yanapenya kirahisi palipolegea. Ila ukibadilisha kituo cha mafuta, kijiti kilicholika hakirudi kuwa kipya.

Ukishapata panapovuja na kutengeneza, mwaga oili yote na filta ubadilishe, usibakize ile ya zamani hata kama umeiweka juzi. Mimi nilikwaruza alama ndogo kwenye stiki kwa msumeno wa chuma, nikapima kila asubuhi wiki mbili. Siku ya tisa ikawa imeshuka nywele moja chini ya alama, na wiki iliyofuata ikashuka tena kidogo, ndo nikapakia nyanya kwa amani.