Kabla ya Kulaumu Mbegu, Chimbeni Bustani

Malalamiko yanayotufikia sisi tunaopima udongo kutoka bustani za kiangazi hapa Tabora yanafanana: karoti zimegawanyika miguu kama suruali, bitiruti zimedumaa, na neno la kwanza ni "mbegu feki". Mbegu feki zipo, hatukatai. Lakini mama mmoja alipotumwagia mezani fungu la karoti zenye udongo wake, vimizizi vilikuwa na vinundu vidogo kama shanga. Hiyo ni kazi ya minyoo fundo, minyoo midogo ya udongoni inayoshambulia mizizi, na bustani ile mwaka juzi ilikuwa shamba la tumbaku. Tumbaku, nyanya na bamia zote huilea. Hapo pandeni karanga kwanza, karoti zisubiri.

Kichanga chetu ni chepesi na mzizi hushuka bila taabu, ila hakishiki maji wala mbolea, na chini ya kina cha jembe mara nyingi kuna tabaka gumu. Karoti ikiligonga, inapinda. Chimbeni hadi sentimita 30, ondoeni mawe na visiki, kisha inueni tuta. Debe moja la samadi iliyooza linatosha mita 4 za mraba.

Nimesema iliyooza. Hili tumelieleza hadi koo limekauka, na bado mtu anatoa samadi zizini asubuhi, jioni anasia karoti. Iliyoiva haina joto wala harufu ya zizi, na ukiishika inapukutika. Yurea nayo ikizidi hujaza majani juu na kuacha chini vidole vitupu. Wanaolima viazi vitamu vya michembe, vile vya kukatwa na kukaushwa, wanalijua hilo kuliko sisi.

Jivu la mabani, yaani mabanda ya kukaushia tumbaku, si chokaa ya kumwaga kwa ndoo. Hupunguza tindikali, kweli, lakini likizidi huharibu. Kiasi cha jivu au chokaa ya kilimo hutegemea kipimo, kwa hiyo leteni udongo.

Sampuli huchukuliwa hivi. Tembea bustanini kwa mwendo wa zigizaga, usimame sehemu 15 hadi 20. Usichukue penye kichuguu, palipochomwa majani wala palipolala ng'ombe. Fyeka juu bila kukwangua udongo, chimba sentimita 20, kata kipande chembamba upande wa shimo, tia kwenye ndoo safi. Ndoo iliyobeba mbolea haifai, hata ukiisuuza. Changanya, anika kivulini, pima nusu kilo. Andika jina, kijiji, tarehe, zao lililopita na zao unalotaka kupanda. Karatasi isilowe. Udongo usio na maelezo hatuupokei, na tunaomba tusibishane dirishani.

Kuhusu mbolea ya dukani: chini ya Sheria ya Mbolea ya mwaka 2009, muuzaji lazima awe na leseni. Kufungua mfuko wa kilo 50 na kupimia watu kwa kopo bila kibali ni kosa linaloweza kumfikisha mahakamani. Mnunuzi adai risiti na atunze mfuko, kwa sababu lalamiko la maneno matupu hatuwezi kulifuatilia.

Wenye bustani kandokando ya Igombe na mito mingine, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingoni. Sampuli ya udongo wa ndani ya mita hizo msituletee. Hatutashauri mbolea ya kutia mahali hapo.