Kusoma michoro ya maua na wanyama kwenye kauri kongwe za China

Mabakuli yaliyopachikwa kwenye makaburi ya kale ya Mambrui (Kenya) na Kunduchi (Tanzania), pamoja na vigae vingi vya kauri vilivyofukuliwa kwenye magofu ya Gedi (Kenya), yametoka China. Watu huuliza umri na bei. Mchoro, wenye maneno mengi zaidi, huachwa kama pambo tu.

Anza katikati ya chombo, kisha ubavuni, mwisho ukingoni. Mawimbi na mizabibu ya ukingoni mara nyingi ni ya kujaza nafasi. Katikati ndipo penye ujumbe, na ujumbe huo hutegemea sana sauti za Kichina. Popo hutamkwa fu, sawa na baraka. Kwa aliyekua akitishwa na popobawa, hilo huchukua muda kuzoeleka. Popo watano ni baraka tano: umri mrefu, mali, afya, wema, na kifo cha amani uzeeni. Kulungu, lu, ni mshahara wa ofisa wa mfalme.

Usifasiri umbo moja peke yake. Yungiyungi akiwa pekee ni usafi wa moyo, kwa mapokeo ya Kibudha. Mchanganye na samaki, husomeka "ziada mwaka baada ya mwaka", kwa kuwa samaki, yu, hulingana kwa sauti na ziada. Mweke na bata wawili, dume na jike, sasa ni heri ya ndoa. Mplamu, msonobari na mwanzi pamoja ni uvumilivu, kwani huistahimili baridi kali.

Kosa kubwa ni kukadiria umri kwa mchoro. Maumbo haya yalirudiwa karne kwa karne. Hata mhuri wa kitakoni hudanganya: vyombo vya enzi ya mfalme Kangxi (1662–1722) vipo vyenye jina la mfalme wa kale zaidi, Chenghua (1465–1487).

Samawati ya kobalti ilichorwa kabla ya utando wa kioo, ikachomwa kwa takriban nyuzi 1,300 za Selsiasi, hivyo ukucha hauihisi. Nyekundu, kijani na dhahabu mara nyingi ziliwekwa juu ya utando na kuchomwa tena kwa moto mdogo, hizo huchubuka. Oshea kwenye beseni la plastiki, maji ya vuguvugu, bila jiki wala steliwaya. Rangi ikishatoka, inamisha chombo chini ya taa ya pembeni: jani lililofutika mara nyingi huacha alama isiyong'aa, na bado linasomeka.